Jumamosi Mume Wangu Anapigana

Alikulia Rukuba akimwangalia Bruce Lee kwa umeme wa jenereta. Ukubwani akaniletea fomu ya mashindano ya kung fu niisaini. Mhariri wako anakusimulia kilichotokea.

Fomu yenyewe ilikuwa karatasi moja tu, fotokopi ya fotokopi, na ilikaa juu ya friji yetu siku kumi na moja. Juu kulikuwa na jina la mshiriki, umri, uzito na klabu. Katikati maelezo kwamba mshiriki anaingia kwa hiari yake na anajua mchezo una hatari ya kuumia. Chini kabisa pakawa na nafasi ya ndugu wa karibu: jina, uhusiano, saini. Kwenye uhusiano shemeji yenu alishajaza mwenyewe kwa herufi kubwa, MKE. Kilichobaki ni saini yangu.

Siku kumi na moja, msomaji wangu. Asubuhi natoa maziwa, naiona. Usiku narudisha bakuli la maharage, naiona. Hatukugombana, maana sisi ndani ya nyumba si watu wa kupaza sauti. Sisi ni wa kununiana, na wenye ndoa mnajua ipi kati ya hizo mbili ni mbaya zaidi. Yeye akipita anaivuta fomu mbele kidogo, mimi nikipita nairudisha nyuma. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kwa wageni wa kurasa hizi: shemeji yenu ni mhasibu. Ana miaka 34, anavaa tai hata Ijumaa ambayo ofisini kwao wameruhusiwa fulana, na akikata vitunguu anavaa miwani ya jua. Mtu kama huyu apande mbele za watu kupigwa mateke? Kwangu ilikuwa kituko. Kwake lilikuwa deni la zamani, na ilinichukua muda kugundua kuwa deni lenyewe lilianzia kisiwani.

MBALAMWEZI NA KANDA ZA VIDEO

Rukuba ni kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria, kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Mara ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa, mawimbi yalinilowesha mpaka kitenge nilichombebea mama mkwe kama zawadi. Nilifika nimelowa chepechepe, nikapokewa kwa ugali wa muhogo na sato aliyezidi sahani. Nilimpenda yule mama hapo hapo.

Sasa, ili uelewe habari ya kung fu, inabidi kwanza uelewe habari ya dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinafanya kazi yake. Lakini mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina ujanja tena, ziwa zima linang'aa. Mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na kisiwa kinajaa vijana wenye pesa mfukoni na wasio na pa kwenda.

Hapo ndipo mwenye jenereta alipokuwa anakula bata. Kibanda cha mabati na turubai, mabenchi, televisheni moja iliyowekwa juu ya meza ili hata wa nyuma aone, na deki ya video. Bara tulikuwa hatuna kituo cha televisheni mpaka 1994, na kwa mtoto wa Rukuba mwishoni mwa miaka ya 1990 dunia yote iliingia kupitia kile kibanda. Nayo dunia ile, kwa jinsi shemeji yenu anavyosimulia, ilikuwa imejaa Wachina wanaoruka.

Bruce Lee ndiye alikuwa mfalme. Alizaliwa San Francisco 1940, akakulia Hong Kong, akafariki tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32 tu, wiki chache kabla filamu yake ya Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa Marekani. Shemeji yenu alikuja kuambiwa kuwa mtu huyo ni marehemu akiwa darasa la sita. Anasema alilia. Alikuwa amekwisha panga kwamba akimaliza shule anakwenda kumtafuta.

Baadaye zikaja kanda zenye sauti ya mtafsiri. Kama umri wako unaruhusu, utamkumbuka Lufufu wa Dar es Salaam, jina lake Derek Mukandala, aliyekuwa anazungumza Kiswahili juu ya filamu ya watu, anaeleza, anatania, anaongeza chumvi, mpaka unasahau kuwa wahusika si Waswahili. Waganda nao walikuwa na watafsiri wao wanaowaita VJ. Kwa watoto wa kando ya ziwa hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Ukitaka kujua shule hiyo iliweza kufika wapi, nenda Wakaliga, Kampala, ambako Isaac Nabwana alianzisha kampuni yake ya filamu mwaka 2005, na mwaka 2010 wakatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mateke na risasi iliyotengenezwa mtaani kwa pesa ya mboga na ikaja kuangaliwa dunia nzima. Mmoja wa nyota wao anajiita Bruce U, na amekuwa akiwafundisha watoto wa mtaa ule kung fu. Filamu ilizaa wapiganaji, wapiganaji nao wakazaa filamu.

Rukuba haikuwa na mwalimu. Ilikuwa na mchanga, ambao ni mzuri kuangukia, na ilikuwa na mti. Shemeji yenu akitaka vile vijiti viwili vya Bruce Lee vilivyounganishwa kwa mnyororo, nanchaku, alichukua kasia la baba yake, akakata mpini vipande viwili na kuviunganisha kwa kamba ya nyavu. Kipigo alichopata jioni ile nimesimuliwa na watu wanne tofauti wa ukoo ule, na kila mmoja anakitaja kama vile ni yeye aliyepigwa.

KITAMBI KIKALETA SIFU

Ukubwa ukaja na mambo yake: chuo, kazi, ndoa, kiti cha ofisi, chipsi mayai. Mwaka juzi akapimwa kazini, presha ikasomeka pabaya. Daktari akamwambia afanye mazoezi. Mimi nilidhani atakimbia kimbia mtaani asubuhi kama wenzake. Yeye akaenda kujiandikisha klabu ya kung fu inayofanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule moja hapa Dar es Salaam.

Jiji hili lina historia yake katika mambo haya. Miaka ya 1970, wakati Wachina wanajenga TAZARA pamoja na Watanzania, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alikuwa anafundisha karate ya Goju-Ryu hapa mjini, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wapo. Karate ni ya Okinawa na kung fu ni ya China. Ukizichanganya mbele ya mtu wa fani utapewa somo la nusu saa. Mimi nimeshapewa mara tatu.

Kiukweli mwanzoni nilifurahi. Kwa miezi mitatu hakupiga mtu ngumi hata moja. Walikuwa wanakaa mkao wa farasi, mapaja sambamba na sakafu kama umekalia kigoda kisichokuwepo, mpaka miguu itetemeke. Akirudi nyumbani anashuka ngazi kinyumenyume. Siku moja akaniambia kwamba hilo neno kung fu, asili yake, halina maana ya kupigana. Ni ustadi unaopatikana kwa muda na jasho, hata mpishi anaweza kuwa nao. Mchezo wenyewe kwenye mashindano unaitwa wushu, na shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1990. Presha ikashuka, kitambi kikapungua, akaanza kulala usingizi wa mtoto. Nilikuwa najisifu kwa mashoga zangu.

Na wenzake nikawapenda. Kuna dereva wa bodaboda anayekuja na pikipiki ya bosi, kuna binti wa chuo anayesomea ufamasia, kuna watoto wa shule ya msingi kama kumi hivi wanaomwita shemeji yenu "babu". Sifu, maana ndivyo wanavyomwita mwalimu wao, ni mtu mpole anayezungumza kidogo sana. Akitaka kukukemea anakunja ndita na kukaa kimya, ukome mwenyewe.

Halafu ikaja fomu.

MJOMBA WANGU

Niwaambie kwa nini sikusaini. Nilikuwa na mjomba bondia. Hakuwa na jina kubwa, alikuwa bondia wa mtaa, wa mapambano ya sikukuu. Nikiwa mdogo alikuwa ananibeba begani kama gunia. Nilipofika sekondari alikuwa ameanza kuniita kwa jina la mama yangu. Nilipoingia chuo haniiti kabisa, ananiangalia tu na kutabasamu, mikono inatetemeka, chai inamwagika kwenye sosa. Alikuwa hajafika hamsini. Hakuna pambano moja unaloweza kusema hili ndilo lililomfanya vile. Ni vichwa vingi vidogo vidogo, Jumatatu mpaka Ijumaa, mazoezini, na kurudi ulingoni kila mara kabla kichwa hakijatulia.

Shemeji yenu aliijua hadithi hii. Tatizo ni kwamba aliijua kama hadithi ya ukweni, na mimi niliijua kama harufu ya ile nyumba. Nilipomwambia "unataka kuniachia kazi ya kukulisha kijiko," alisema nakuza mambo. Nilipomwambia "basi usiende," alisema kitu ambacho kilinikaa. Alisema maisha yake yote amekuwa anaangalia mabenchini.

Siku ya kumi nikachukua bajaji mpaka klabuni peke yangu. Nilikwenda kumvaa sifu.

KUMBE KUNA KUNG FU MBILI

Sifu alinikaribisha kwenye benchi, akanipa maji, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanieleza, taratibu, mambo ambayo mume wangu alitakiwa kunieleza toka siku ya kwanza.

Mashindano ya wushu yana sehemu mbili. Ya kwanza ni taolu, yaani mtu anaonyesha mfululizo wa mitindo peke yake, mikono mitupu au na silaha kama fimbo, upanga na mkuki. Hapigwi mtu. Majaji wanatoa alama mpaka 10. Kwa kanuni za kimataifa, 5 ni za usahihi wa miondoko, 3 za onyesho kwa ujumla na 2 za ugumu. Hii ndiyo wanayocheza wale watoto. Ya pili ni sanda, na hapa ndipo mnapigana kweli: ngumi, mateke na kubwagana. Ni mchezo wa kisasa. Wachina walianza kuutengenezea kanuni mwishoni mwa miaka ya 1970. Raundi mbili za dakika mbili mbili, mapumziko dakika moja katikati, na mkitoka sare mnaongeza ya tatu. Viwiko na magoti haviruhusiwi, wala kupiga kisogo, shingo au kinena. Kichwa kinafunikwa, kifua kinafunikwa, meno yanawekewa kinga. Kuna na kinga ya sehemu zile nyingine, na hiyo mimi ndiye niliyesisitiza iwe ya bei mbaya.

Fomu yangu ilikuwa ya sanda. Bila shaka.

Nikamuuliza sifu moja kwa moja: hizo kofia zinazuia ubongo kuumia? Angeweza kunidanganya. Akasema hapana. Zinapunguza michubuko na mipasuko, lakini ubongo unaelea ndani ya fuvu na kichwa kikitikiswa na wenyewe unatikisika, kofia au bila kofia. Akasema kinachomlinda mpiganaji ni idadi ndogo ya vichwa anavyopigwa na kujua wakati wa kusimama. Nilimwamini kwa sababu hakuniambia nilichotaka kusikia.

Usiku ule mimi na mume wangu tukakaa mezani. Nikaigeuza fomu, nikaandika nyuma yake masharti matatu kwa mkono wangu.

La kwanza, hakuna kukausha maji mwilini ili kushuka uzito. Alikuwa na kilo mbili za ziada na vijana walishamwambia avae koti la mvua akimbie. Nilikuwa nimesoma habari za wanamieleka watatu wa vyuo vikuu vya Marekani waliofariki mwishoni mwa 1997, ndani ya wiki chache, wakijikausha na kujitoa jasho wafike kwenye uzito. Vyuo vilibadilisha kanuni baada ya hapo. Nikasema kama uzito haushuki kwa chakula, upande daraja la juu ukapigane na wakubwa zako. La pili, lazima kuwe na daktari ukumbini, siyo "tuna sanduku la huduma ya kwanza". La tatu ndilo lililotuchukua mpaka saa saba usiku. Akipigwa kichwa akayumba, mapumziko yakifika sifu atamuuliza maswali matatu ya kawaida. Akikosea hata moja, mchezo umekwisha, awe anaongoza au anaongozwa. Na hataniangalia mimi nimtetee.

Akasoma. Akauliza, "Na kama ni fainali?" Nikasema hata kama ni Enter the Dragon yenyewe. Akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Akasaini nyuma, mimi nikasaini mbele.

JUMAMOSI YENYEWE

Asubuhi walipima uzito. Shemeji yenu alipita kwa gramu chache, na alikuwa amekula kiporo cha wali, kwa hiyo sharti la kwanza lilitimia. Daktari alikuwepo, kijana mwenye koti jeupe na uso wa mtu aliyelala zamu. Sharti la pili.

Kwa kanuni za kimataifa sanda inachezwa juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8 lililoinuliwa sentimita 80, na kumwangusha mwenzio chini ya jukwaa ni alama. Kwetu siku ile yalikuwa mazulia ya mazoezi yamepangwa sakafuni na mpaka umewekwa kwa utepe mwekundu. Ukumbi umejaa, feni zinazunguka bila kupoza kitu, akina mama wamekuja na chupa za chai.

Walianza watoto. Jamani, kama una mtoto anayekuvunjia vikombe ndani, mpeleke akacheze taolu. Binti mmoja wa klabu yetu, darasa la tano, aliingia na fimbo iliyomzidi urefu. Katikati ya mchezo fimbo ikamtoka mkononi na kudunda mpaka kwenye meza ya majaji. Ukumbi kimya. Akaifuata, akaiokota, akarudi pale pale alipoachia, akamaliza. Alama zikawa ndogo. Mama yake, mbele yangu, alikuwa amejifunika mtandio usoni mpaka mwisho, akawa ananiuliza "amemaliza? amemaliza?" Nikamwambia amemaliza. Nikajua na mimi baada ya saa mbili nitahitaji mtu wa kuniambia hivyo hivyo. Watoto wa umri huo wana pa kutazama sasa. Wushu imo kwenye michezo ya medali ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar, Senegal, tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, Olimpiki ya kwanza ya aina yoyote kupangiwa ardhi ya Afrika.

Mpinzani wa shemeji yenu alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye shingo kama gogo. Yeye nyeusi, mume wangu nyekundu. Kengele.

Sikufumba macho. Nilijiapiza kuwa nikishasaini nitaangalia. Na nilichokiona raundi ya kwanza sikukitegemea: mtu ninayelala naye miaka saba, anayekata vitunguu kwa miwani ya jua, alikuwa ametulia. Yule kijana akarusha teke la ubavu, shemeji yenu akalidaka kwa mkono, akaingia ndani, akambwaga chali, puu! Akarudia tena. Ni ile mikono ya kuvuta nyavu, msomaji wangu, haijaenda popote. Raundi ikawa yake. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti na sikumbuki nilipanda saa ngapi.

Raundi ya pili kijana akawa amejifunza. Hatoi teke tena, anaingia na ngumi. Moja ikampata shemeji yenu pembeni ya kichwa, chini kidogo ya sikio, na nikaona kitu ambacho nilikiona zamani kwa mtu mwingine: miguu inafanya jambo lake, macho yanafanya jambo lake. Akaenda chini. Refa akahesabu. Alisimama kwenye sita, akainua mikono, akamaliza raundi kwa kukumbatia na kusukuma. Raundi ya kijana. Moja kwa moja.

Dakika moja ya mapumziko. Nilikuwa nimesogea nyuma ya kiti chake, hakuna aliyenizuia. Sifu akapiga goti mbele yake.

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Mwenzio kavaa rangi gani?"

"Nyeusi."

"Umeamkia wapi leo?"

"Rukuba," akasema.

Alisema bila wasiwasi wowote, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha nikamwona anajisikia. Alikunja uso, akaangalia ukumbi, feni, watu, akanigeukia mimi. Sharti lilisema asiniangalie nimtetee, na sijui mpaka leo kama alikuwa anaomba au anaaga. Sifu hakusema kitu. Mume wangu akarudisha macho mbele, akanyoosha mikono yote miwili ili avuliwe glovu.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mzee kaogopa!" Wengine wakacheka. Mkono wa yule kijana ukainuliwa, na kabla hata haujashushwa alivuka zulia, akaja kuinama mbele ya mume wangu mpaka kichwa kikaribia magoti.

WIKI ILIYOFUATA

Hospitali walimpima na kusema ni mtikisiko wa ubongo, mwepesi. Kwa faida yako unayeishi na mchezaji wa mchezo wowote, hata mpira wa mchangani, haya ndiyo tuliyoambiwa. Mtu aliyepigwa kichwa akaumwa kichwa, akapata kizunguzungu, kichefuchefu au akachanganya mambo, harudi mchezoni siku hiyo, hata akisema yuko fiti. Kwa siku moja au mbili apumzike, apunguze simu na kompyuta, halafu arudi kwenye shughuli taratibu. Na akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, kuishiwa nguvu upande mmoja, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali mara moja, usingoje asubuhi.

Alipumzika siku tatu na alikuwa mkali kama pilipili. Siku ya pili akasema, akiangalia ukutani, "Ningemshinda." Nikasema inawezekana. Na ilikuwa kweli, inawezekana. Sikumwambia kuwa amefanya vizuri, maana uso wake haukuwa unataka kuambiwa hivyo. Nilimpikia dagaa wa nazi, akala, akaosha vyombo bila kuombwa. Jumanne jioni klabu nzima ikaja: sifu, mwanafamasia wetu, bodaboda na wale watoto na embe zao kwenye mfuko wa rambo. Binti wa fimbo alikaa karibu naye muda mrefu wakajadili, kwa umakini wa wazee wa kanisa, kati yao nani aliyeaibika zaidi.

Anaendelea na mazoezi. Amehamia taolu, anasema kwa muda. Fomu nyingine haijaja, na mimi sijauliza.

Desemba tukapanda boti kwenda Rukuba. Yule mwanafamasia alikuwa amerekodi pambano lote kwenye simu, na shemeji yenu, aliyeapa kuwa hatamwonyesha mtu, alimwonyesha mama yake usiku wa kwanza tu. Watoto wa nyumba tatu wakajaa. Mama mkwe akaangalia kwa kuisogeza simu mbali na macho. Pale mwanawe alipombwaga kijana watoto wakashangilia, yeye kimya. Pale alipoanguka, kimya. Video ilipofika kwenye kiti, kwenye yale maswali matatu, akaomba irudishwe, maana kelele za ukumbi zilimeza maneno. Ikarudishwa. Safari hii akasikia.

"Ulisema uko hapa?"

"Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha simu. Akauliza yule kijana ni wa kwa nani na kama walimpa chakula baada ya pale. Kisha, akiwa ameshainuka kwenda ndani, akasimama mlangoni.

"Na kasia la marehemu baba yako," akasema, "utalilipa lini?"

Asubuhi yake, kabla hatujanywa chai, mhasibu wangu alikuwa mwaloni anatafuta fundi.